Kaunti zetu zisingoje Nairobi kwenye haya mambo ya kuokoa stima

Mhariri,

Salamu kutoka Lowell, jimbo la Massachusetts huku Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, gazeti lenu nalisoma kwa simu kabla sijatoka kwenda kazini, na kwa muda sasa nimekuwa nafuata barua za wasomaji kuhusu bei ya stima na tokeni zinazoisha kabla mwezi haujafika kati. Malalamiko ni ya kweli na siandiki kuyapinga, mamangu bado yuko Kisauni na tokeni ananunua kama wenzake. Lakini naona barua nyingi zinaishia pale pale, serikali kuu ishushe bei, Wizara ya Kawi ifanye hivi, EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti kawi, ifanye vile, na gavana wa kaunti hatajwi kabisa. Ndio maana nimeamua kuandika, manake huku niliko kazi inayonilisha mimi na watoto ilianzishwa na sheria ya jimbo, na ukifuatilia historia yao utaona mambo mengi makubwa waliyofanya kwenye kuokoa umeme yalianzia kwa majimbo, serikali kuu ikaja nyuma.

Niieleze kwanza kazi yenyewe. Sisi tunaziba nyumba. Huku baridi ni kali na inakaa miezi mingi, na miji kama Lowell na Worcester imejaa zile nyumba za mbao za ghorofa tatu, kila ghorofa familia moja, nyingi zimejengwa zaidi ya miaka mia iliyopita na kuta zake ndani ni tupu, hewa tu. Ukiwasha hita joto linapanda darini linatoka zake nje na bili inakuja kwako. Sasa mkaguzi anakuja nyumbani bure, anafunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele linalovuta hewa ya ndani kuitoa nje, halafu anazunguka na kamera inayoonyesha joto na baridi anaangalia hewa ya nje inaingilia wapi. Inaingilia kwenye soketi, kwenye ukingo wa dirisha, pale bomba la choo linapopita kwenda darini, mahali ambapo mwenye nyumba hajawahi kufikiria. Anaandika ripoti yake, ndio sisi tunakuja. Tunaziba nyufa, tunatoboa matundu ukutani kutoka nje na kupuliza insulesheni, yaani kitu cha kuzuia joto lisipite, kwa paipu mpaka ukuta unajaa, tunafunika tundu, tunapaka, tunaondoka. Na hiyo insulesheni tunayotumia zaidi Mhariri ni magazeti ya zamani, yanasagwa yanachanganywa na dawa ya jamii ya boraksi yasishike moto haraka wala yasiliwe na wadudu.

Anayelipa ni nani? Hapo ndipo jimbo linapoingia. Mwaka 2008 bunge la Massachusetts lilipitisha sheria inaitwa Green Communities Act, na ndani yake kuna kipengele kimoja ambacho mimi naona ndio roho ya kila kitu, kwamba kampuni za umeme na gesi zinatakiwa zitafute uokoaji wote ambao gharama yake ni ndogo kuliko kununua umeme zaidi. Yaani kama kuziba nyumba ya mama fulani kunaokoa uniti kwa bei rahisi kuliko kuzalisha uniti ile, basi nyumba ya mama izibwe. Uniti ambayo haikutumika inahesabiwa sawa na uniti iliyotoka kwenye mtambo. Kila miaka mitatu kampuni zinaleta mpango zinasema zitaokoa kiasi gani na kwa pesa ngapi, kuna baraza linaupitia, halafu tume ya jimbo ndio inaupasisha ama inaukata. Pesa yenyewe inatoka kwenye tozo iliyo ndani ya bili ya kila mteja, na programu inaitwa Mass Save. Mtu wa kawaida analipiwa sehemu kubwa ya insulesheni, mwenye kipato cha chini analipiwa yote, na kazi kubwa zaidi zina mkopo usio na riba.

Sio kwamba kila kitu kinaenda sawa. Nyumba nyingine tunafika tunakuta nyaya za umeme za zamani sana zile zilizoshikiliwa na vipande vya kauri, huwezi kupuliza kitu pale mpaka fundi wa umeme azibadilishe manake ni hatari ya moto, na kubadilisha nyaya nyumba nzima ni pesa nyingi, wengi wanakwamia hapo. Ugumu mwingine ni wa nyumba za kupanga na huu hata Mombasa upo, mwenye nyumba halipi bili, bili analipa mpangaji, sasa mwenye nyumba anaona ya nini kuhangaika na ukuta ambao faida yake inaenda kwa mwingine, na mpangaji naye hawezi kutengeneza nyumba isiyo yake. Jimbo limejaribu kulegeza hili kwa kumpa mwenye nyumba masharti mepesi zaidi kama wapangaji wake ni wa kipato cha chini, lakini mimi nikipita mitaa ya watu wetu, Wakenya wa Lowell ni wengi na wengi ni wapangaji, naona bado kuna kazi.

Massachusetts hata hivo haikuwa ya kwanza. Walioanza kwa kishindo ni California. Mwaka 1974, baada ya vikwazo vya mafuta vya 1973 vilivyoshtua dunia nzima, gavana wa California wakati ule Ronald Reagan, huyu huyu aliyekuja kuwa rais, alitia saini sheria ya kuunda Tume ya Kawi ya jimbo. Kitu kizuri walichofanya ni kwamba ofisi inayokadiria jimbo litahitaji umeme kiasi gani na kupasisha mitambo mipya, hiyo hiyo wakaipa mamlaka ya kuweka viwango vya vifaa na majengo. Kwa hivo mtu akija kusema tunahitaji mtambo mpya, anaulizwa pale pale, na tukipunguza matumizi ya friji je, bado utahitajika?

Na hilo swali liliulizwa kweli. Kulikuwa na mwanafizikia wa Berkeley, Arthur Rosenfeld, mtu aliyesoma chini ya mwanafizikia mashuhuri Enrico Fermi na angeweza kumaliza maisha yake kwenye maabara ya chembe ndogo ndogo, lakini ule mwaka wa mafuta kuadimika ijumaa moja jioni aliamua kuzima taa za ofisi za jengo lao kabla ya kwenda nyumbani, akakuta swichi nyingine zimefichwa nyuma ya kabati na rafu za vitabu kwa sababu hakuna aliyekuwa anazima. Akaanza kupiga hesabu. Wakati huo friji ya kawaida ya Marekani ilikuwa inakula kama uniti 1,800 kwa mwaka, na kampuni za umeme zilikuwa zinataka kujenga mtambo wa nyuklia wa Sundesert kule jangwani. Rosenfeld akamwendea gavana Jerry Brown, aliyemfuata Reagan, na hesabu zake kwamba ukiweka kiwango cha friji tu, umeme utakaookolewa unatosha kuondoa haja ya mtambo kama ule. Sundesert haikujengwa. Kanuni za friji za California zikaanza kufanya kazi 1977, na 1978 zikafuata kanuni za majengo mapya, unene wa insulesheni, aina ya madirisha, mambo hayo.

Watengenezaji walilalamika sana. Lakini California ni soko kubwa, huwezi kuacha kuuza huko, wakabadilisha mota, wakaongeza insulesheni kwenye kuta za friji. Majimbo mengine nayo yakaanza kuweka viwango vyao, kila moja lake, mpaka watengenezaji wenyewe ndio wakaenda Washington kuomba kiwango kimoja cha nchi nzima kwa sababu kutengeneza friji tofauti kwa kila jimbo kulikuwa kunawaumiza. Reagan, sasa akiwa rais, alikataa kuutia saini huo mswada 1986, ukarudishwa, akausaini 1987. Leo friji mpya huku inatumia kama uniti 500 hivi kwa mwaka ama pungufu, na ni kubwa kuliko ile ya zamani, na bei yake ukiondoa mfumuko wa bei imeshuka. Hakuna mama aliyeambiwa afungue friji mara chache. Mabadiliko yalifanyika kiwandani, kwa sababu jimbo moja lilisema friji ya aina hii haiuzwi kwetu.

Hiki ndicho ningependa wasomaji wakishike kwa sababu kwetu ukisema kuokoa stima watu wanaskia zima taa, chomoa pasi, ni kama kumlaumu mwananchi. Mtu anayetumia balbu tatu na televisheni hana cha kuokoa, ameshaokoa vyote. Kazi kubwa iko kwa anayeweka kanuni za kinachoingia sokoni na kinachojengwa.

Kitu cha pili California walichofanya hakizungumzwi sana lakini mimi naona ni muhimu kuliko hata friji. Kampuni ya umeme kwa kawaida inapata faida ikiuza uniti nyingi, sasa utaiambiaje ikusaidie wewe ununue kidogo, itakubali mdomoni halafu haitafanya. California wakaitenganisha faida na mauzo, kwa gesi mwaka 1978 na kwa umeme 1982. Tume inaamua mapema kampuni inahitaji mapato kiasi gani kuendesha kazi yake, ikiuza uniti pungufu bei inarekebishwa kidogo juu, ikiuza zaidi ziada inarudishwa kwa wateja. Baada ya hapo kampuni haina sababu ya kuogopa wateja wakiokoa. Majimbo mengi yameiga, Massachusetts mojawapo.

Matokeo yake ni kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 matumizi ya umeme ya mtu mmoja California yalikaa karibu pale pale kwa zaidi ya miaka thelathini wakati kwa Marekani nzima yalipanda karibu nusu nzima. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani kimetokana na sera na kiasi gani ni hali ya hewa ya pwani yao isiyo na baridi kali, bei ya umeme iliyo juu, viwanda vizito vilivyohama, na mimi nakubali sio sera peke yake. Lakini hata ukikata nusu ya sifa bado ni umeme mwingi mno. Na mwaka 2001 walipopata shida ya umeme, wakati wafanyabiashara wa soko la umeme kama Enron walikuwa wanacheza na bei na taa zinazimwa kwa zamu, gavana Gray Davis alitangaza kwamba mteja atakayepunguza matumizi kwa asilimia 20 kulinganisha na kiangazi kilichopita atapunguziwa bili asilimia 20. Watu wakapunguza, na ule mgao mkubwa uliokuwa unaogopewa kiangazi kile haukuja.

Sio majimbo ya mrengo mmoja tu. Texas ambayo kila mtu anaijua kwa mafuta ndio ilikuwa ya kwanza mwaka 1999 kuziwekea kampuni za umeme lengo la kuokoa kwa sheria. Vermont, jimbo dogo hata watu milioni moja halina, mwaka 2000 wakaanzisha Efficiency Vermont, shirika ambalo kazi yake ni kuokoa tu, haliuzi umeme, linapimwa kwa uniti zilizookolewa.

Na kuna waliorudi nyuma, lazima niwataje pia manake sisi tunapenda kufikiri ufisadi wa stima ni wetu peke yetu. Ohio walikuwa na sheria ya kuokoa umeme tangu 2008. Mwaka 2019 bunge lao likapitisha mswada namba 6, ukaokoa mitambo miwili ya nyuklia kwa pesa za wateja na humo humo ukayaua malengo ya kuokoa umeme. Mwaka uliofuata spika wa bunge la jimbo, Larry Householder, akakamatwa, ikatoka kwamba kampuni ya FirstEnergy ilimwaga karibu dola milioni 60 kupitia kundi lake ili mswada upite. Mwaka 2023 akafungwa miaka 20. Pesa za nyuklia zilifutwa baadaye lakini zile programu za kuokoa hazikurudishwa, zilikufa mwisho wa 2020. Kwa hivo mtu asidhani jambo hili ni la kiufundi tu. Kuna watu wanapoteza hela wewe ukiokoa, na wana nguvu.

Hata hapa kwetu Massachusetts kelele zipo. Baridi ya mwanzo wa 2025 bili zilipanda vibaya, watu wakaangalia ile tozo ya Mass Save wakauliza hii ni ya nini, na mwezi wa pili tume ikakata dola milioni 500 kwenye mpango wa miaka mitatu uliokuwa wa karibu bilioni 5. Mimi kazi yangu iko humo, kwa hivo nilikuwa na wasiwasi, lakini sitasema waliolalamika walikosea. Mzee wa pensheni anayelipa tozo na nyumba yake haijafikiwa ana haki ya kuuliza. Programu ya aina hii inatakiwa iwafikie kwanza wale ambao bili inawauma, sio wenye nyumba kubwa wanaojua kujaza fomu, na kwa hilo bado kuna kasoro ambayo naiona kazini kila siku.

Sasa nije nyumbani.

Kuna watakaosema Mmarekani mmoja anatumia zaidi ya uniti elfu kumi kwa mwaka na Mkenya hafikishi hata 250, sasa sisi tuokoe nini, tupewe stima kwanza. Nawaelewa. Lakini angalia stima yetu inavyokwenda. Mchana na usiku wa manane mvuke wa ardhini wa Olkaria pamoja na stima ya maji na upepo mara nyingi inatosha, shida ni jioni, kuanzia magharibi watu wakirudi nyumbani taa zinawaka, televisheni, hita za maji ya kuoga, AC za Nyali na hoteli, pampu, ndipo mitambo ya mafuta inawashwa, na moja ya mikubwa ni hii ya Kipevu pale pale Mombasa. Mafuta yale yanarudi kwenye bili ya kila mtu kama gharama ya mafuta, hata yule mwenye balbu tatu anailipa. Kila AC mbovu inayopungua Nyali saa moja jioni inampunguzia mama wa Kisauni. Hii ndio sababu mimi siikubali hoja ya kwamba kuokoa ni mambo ya matajiri wa Ulaya na Marekani.

Na sheria tumeshawahi kuzitunga, hatujaanza sifuri. Mwaka 2012 zilitoka kanuni kwamba kiwanda, hoteli ama jengo linalotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka lifanyiwe ukaguzi wa kawi kila miaka mitatu. Mwaka huo huo zikatoka kanuni za hita za maji za sola kwa jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, wenye majengo wakapewa miaka mitano, na kila mtu anajua wengi walizipuuza. Mwaka 2016 zikaja kanuni za vibandiko vya nyota kwenye friji na AC, nyota moja hadi tano. Hata kabla ya hapo, 2010, balbu zaidi ya milioni moja za kuokoa umeme ziligawiwa bure. Kilichokosekana ni mtu wa karibu wa kufuatilia. Mkaguzi wa Nairobi hawezi kujua gorofa gani Bamburi imejengwa bila sola. Kaunti inajua, manake kaunti ndio iliyopasisha ramani.

Na hapa ndipo nataka magavana wasikwepe. Katiba ya 2010, jedwali la nne, sehemu ya kazi za kaunti, imetaja nyumba, na imetaja usambazaji wa stima na gesi na udhibiti wa kawi. Imeandikwa wazi. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo inataka kila kaunti itengeneze mpango wake wa kawi. Kaunti 47, mipango 47. Nimeongea na jamaa kadhaa wanaofanya kazi za kaunti, wengi wanajua mpango wa kawi kama karatasi ya kupelekea wizara na kuzungumzia sola za vijijini, mambo ya kupunguza matumizi mjini hayamo kabisa.

Mombasa ianze na majengo. Mababu zetu walijenga Mji wa Kale kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, dari juu, vichochoro vyembamba vya kuleta kivuli na upepo wa bahari, na ukiingia nyumba hizo saa saba mchana unaskia ubaridi bila kitu chochote kuwashwa. Leo tunajenga gorofa za vioo vinavyotazama magharibi, jua la jioni lote linaingia ndani, halafu tunafunga AC kila chumba. Kaunti ina uwezo wa kukataa ramani kama hiyo. Iseme dirisha la upande wa magharibi liwe na kivuli, paa la saruji ama mabati lipakwe rangi nyeupe inayorudisha jua, gorofa ya kupangisha isipewe cheti cha kukaliwa bila hita ya maji ya sola. Kwenye kanuni zao za majengo ya biashara California wamekuwa wakitumia mapaa meupe tangu 2005, na Rosenfeld mpaka uzee wake alikuwa anayahubiri, alifariki 2017. Rangi nyeupe sio teknolojia ya kuagiza kutoka ng'ambo.

Halafu friji za mtumba. Najua nitaudhi watu hapa, ndugu zangu wengine wanaishi kwa biashara hiyo, lakini friji iliyotupwa Ulaya kwa sababu imezeeka inamla mnunuzi kidogo kidogo kwenye tokeni na baada ya miaka miwili mitatu ile bei rahisi aliyofurahia imekwisha na zaidi. Ghana walipiga marufuku friji za mtumba, sheria ya 2008 iliyoanza kutekelezwa 2013, na walikuwa na mpango wa mtu kurudisha friji kuukuu apunguziwe bei ya mpya. Kuzuia bandarini ni kazi ya serikali kuu, sawa, lakini huo mpango wa kurudisha na kupunguziwa kaunti inaweza kuufanya na wauzaji wa mji wake, na hata wale wa mtumba wakaingizwa humo kama wakusanyaji ili wasipoteze riziki.

Ama kwanza kabisa kaunti ijiangalie yenyewe. Taa za barabarani, ofisi, hospitali, na maji. Maji ya Mombasa sehemu kubwa yanapigwa pampu kutoka Baricho kule Kilifi, mwendo mrefu, kila lita inayovujia njiani imekuja na stima yake, na wananchi tumeshaona maji yakikatika kwa sababu ya deni la stima. Pampu ya mota nzuri na bomba lisilovuja ni kuokoa stima na kuokoa maji kwa pamoja. Kaunti nyingi zinadaiwa bili kubwa za umeme, na sijaona hata moja ikiweka wazi jengo gani linakula ngapi. Majimbo mengi ya huku yalianza na majengo yao ya serikali, wakapima, wakatengeneza, pesa iliyookolewa ikalipia matengenezo.

Pesa zitatoka wapi, mtu atauliza. Kwenye bili yetu tayari kuna tozo ya asilimia 5 ya umeme wa vijijini, na hatukuandamana kuipinga kwa sababu tuliona faida yake, watu waliwekewa stima. Sisemi tuongezewe tozo nyingine leo hii wakati maisha yamebana, hapana. Nasema kazi nyingi nilizotaja hazihitaji tozo, kukataa ramani mbaya hakugharimu kitu, kupima majengo ya kaunti ni kazi ya wahandisi ambao tayari wanalipwa mshahara, na vijana wanaotoka vyuo vya ufundi wanaweza kufundishwa ukaguzi wa nyumba na hoteli ndani ya wiki chache. Huku kazi hii inafanywa na watu ambao wengi hawana digrii. Wenzangu kazini ni Wakenya, Wabrazili, Wadominika, Wakambodia, tumefundishwa tukapewa vyeti.

Kwa sasa ninachoomba wenzangu wa Mombasa, na wa Kilifi na Kwale pia, ni kitu kimoja. Kaunti ikiita vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, muende, na mkifika msiishie kwenye barabara na bursari. Muwaulize kwamba mwaka uliopita stima ya ofisi za kaunti, taa za barabarani na pampu za maji ililipiwa shilingi ngapi, na mpango wa kuipunguza uko ukurasa gani. Na jibu mtakalopewa mliandikie gazeti hili, sisi wa huku tutalisoma.

Mzaliwa wa Kisauni,
Lowell, Massachusetts